Mchoraji wa Junda na picha isiyokauka

Jua linampiga Stambuli Shee mgongoni, na hivyo ndivyo anavyolitaka. Ameketi kwenye kigoda ukingoni mwa hori, Junda, Kisauni, ubao umelazwa mapajani, na kila kilicho mbele yake kinapokea mwanga: mikoko, matope yaliyobaki wazi baada ya maji kupwa, na ng'ambo ile mabati ya Mikindani yakianza kumeta. Anachovya brashi, anaigusisha karatasi, kisha anauinamisha ubao ili rangi iteremke yenyewe.

Mgeni aliyemkuta hapa amekwisha kumwamkia, ameitikiwa, ameonyeshwa gogo la kuketi, na mazungumzo yameishia hapo. Rangi za maji hazimngoji mtu. Jua likipanda, joto huikausha brashi kabla haijafika kwenye karatasi, kwa hivyo mchoraji wa Pwani ana muda mchache wa kufanya kazi yake na soga huja baadaye.

Kando ya mguu wake kuna chupa mbili za maji, moja ya kuchanganyia rangi, nyingine ya kuoshea brashi. Ni maji matamu, ya kununua, yale yanayoletwa mtaani kwa mkokoteni. Majirani humcheka kwa hilo. Wanasema Stambuli ametajirika siku hizi, anaoshea brashi maji ya chai.

"Waache wacheke," anasema baada ya kuuegemeza ubao kwenye gogo ili picha ikauke. "Hata mimi ningecheka. Maji ya kununua utayamwagaje kwa rangi? Nalicheka miaka thelathini. Sasa ndiyo nalia."

Stambuli ana umri wa miaka sitini na mmoja. Wakazi wengi wa Kisauni wanaijua kazi yake bila kumjua yeye, maana mikono yake ndiyo iliyoandika vibao vya vinyozi, bucha na maduka ya dawa kuanzia Mlaleo hadi Utange. Vibao ndivyo vilivyomlishia watoto. Mandhari ni mapenzi yake.

Kisanduku cha kwanza cha rangi za maji alikiokota kwenye mitumba ya Kongowea, kimefukiwa chini ya vitabu vya shule vilivyochakaa. Hakujua ni kitu gani. Alikipeleka nyumbani, na mkewe, Mwanasaumu, alipokifungua na kuona vile vidonge vya rangi alidhani mumewe amemletea vipodozi, akafurahi bure.

Hakufundishwa na mtu. Alijaribu nyuma ya kalenda kuukuu mpaka akatambua kwamba katika kazi hii hakuna rangi nyeupe, weupe ni ule wa karatasi, na ukishaufunika umeupoteza. Tangu hapo amekuwa akitoka kila alfajiri na ubao wake, akichora kilicho mbele yake, na hicho tu.

Sharti hilo limemkosesha wateja. Wauza picha wa ufukweni wamemwomba mara nyingi atie jahazi, kwa sababu wageni wanapenda jahazi. Kwenye hori la Junda jahazi halipiti, kwa hivyo yeye halitii.

"Ndege akiruka kabla sijamfikia, basi ameruka," anasema. "Siwezi kumrudisha. Mimi nachora nilichokiona, sichori nilichokitaka."

Picha moja huuzwa shilingi elfu mbili, na elfu tatu ikiwa na fremu. Mwezi mzuri huuza nne. Miezi mizuri imekuwa haba.

Sasa kuhusu maji. Asiyeishi huku huenda asielewe, lakini katika mitaa hii kila nyumba ina maji ya aina mbili. Ya visima yana chumvi. Si chumvi ya bahari, unaweza kuogea na kufulia, ila chai yake hainyweki. Ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa dumu, hufunikwa, na mtoto akiyachezea hukemewa na nyumba nzima. Rangi ni kitu cha kuosha, na cha kuosha ni maji ya kisima. Ndivyo Stambuli alivyohesabu, na hakuna mtu mtaani ambaye angehesabu vingine.

Mwanasaumu ndiye aliyekuwa akimtekea. Kila alfajiri aliteremsha ndoo kisimani, akamjazia chupa, akaiweka mlangoni karibu na viatu vyake ili asiisahau. Kwa miaka yote hiyo mke aliamini anamsaidia mumewe, na mume aliamini anabana matumizi, kumbe wote wawili walikuwa wakizitia picha ugonjwa.

Mwaka jana, baada ya masika, Gershom alimwita. Gershom ni fundi wa fremu hapo Kongowea, kijana wa Vihiga aliyehamia Mombasa kutafuta riziki. Alikuwa na picha tatu za Stambuli mezani, zimerudishwa na wateja wa Mkomani. Vioo vilikuwa vimetoka jasho kwa ndani. Samawati ya mbingu ilikuwa imeingia kwenye miti, na ukungu umeota kwenye pembe kama mkate uliosahauliwa.

Gershom alikuwa ameshalaumu gundi, kioo na hata fundi wa kuta. Akaitoa karatasi moja kwenye fremu, akaigeuza, akailamba kwa nyuma.

"Mzee, hii ni chumvi," akamwambia. "Wewe huwa unachora na maji gani?"

Stambuli anasema aliketi palepale kwenye vumbi la mbao. Karatasi iliyonywa maji ya kisima haikauki kamwe. Huonekana kavu, lakini chumvi iliyobaki ndani huuita unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha kuitika. Kila masika karatasi hulowa kidogo, rangi husogea kidogo, na mvua zikiisha hukauka mahali papya. Mwaka baada ya mwaka picha hutembea mpaka inapotea.

Aliuliza kama inaweza kuoshwa. Gershom akamwambia kwamba ukiiosha chumvi itoke, rangi nayo itatoka.

Tangu siku hiyo, kila mteja anayerudisha picha hupewa nyingine bila malipo, iliyochorwa kwa maji matamu. Wapo wanaomhurumia na wapo waliomwita mwizi usoni. Hayo yote anayasimulia kwa utulivu, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Wateja wanaweza kupewa mandhari nyingine. Picha inayomnyima usingizi haina ya kuibadilisha.

Mwanasaumu alifariki miaka miwili iliyopita. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakukubali kuchorwa wala kupigwa picha. Chuoni alikosomea Kurani utotoni alifundishwa kwamba mwenye kuchora kiumbe ataulizwa Siku ya Kiyama. Hakuwa akijiogopea mwenyewe. Alimwambia mumewe kwamba hataki aje aulizwe kwa ajili yake.

Kwenye picha za harusi ya binti yao, Nana, mama wa bibi harusi ni ukingo wa ushungi na kiganja kilichoinuliwa kuziba uso. Watu walimtania kwa hilo na yeye alicheka nao, kiganja kikiwa juu vilevile. Kitambulisho chake cha taifa kilirudishwa serikalini siku ya kuandikisha kifo, kama inavyotakiwa, na katika machungu ya siku ile hakuna aliyekumbuka kukipiga picha kwanza. Familia ilipogutuka, ilikuwa haina sura yake popote.

Ilikuwa na tone moja la rangi nyekundu.

Miaka saba iliyopita, Stambuli alikuwa ameketi papa hapa akilichora hori. Mwanasaumu alishuka kufukua makumbi ya nazi aliyokuwa ameyafukia matopeni ili yaoze, apate nyuzi za kusokotea kamba. Hakujua kwamba ameingia kwenye picha. Mumewe alimwona ameinama, leso kiunoni, kati ya mikoko miwili, na kwa kuwa sharti lake ni kuchora kilicho mbele yake, brashi ilikwenda yenyewe. Mguso mmoja mwekundu, usiozidi punje ya mchele. Juu yake akagusisha hudhurungi kidogo, na mgongo ulioinama ukaonekana.

Jioni Mwanasaumu aliiona. Aliitazama kwa muda, mumewe akijitayarisha kutetea tone lisilo na uso wala macho.

"Hakunambia kitu juu ya dini," anasema Stambuli. "Alinambia, 'Leso yangu si nyekundu hivyo, imepauka. Umenivisha ya mwenzangu.' Tukacheka. Nikajua amenisamehe."

Picha ile haikuuzwa. Ilitundikwa sebuleni, na wageni wengi walidhani lile tone ni ua.

Alipotoka kwa Gershom siku ile, Stambuli hakupitia popote. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akaishusha picha, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Wekundu ulikuwa umeanza kutoka kwenye leso.

Amejaribu kila alichoambiwa. Ameifunga kwenye nailoni. Ameitia kwenye debe la mchele mkavu, kama watu wanavyofanya kwa simu iliyoanguka majini, na alipolifungua alikuta ukungu umezidi. Nana ameipiga picha kwa simu yake, lakini wakati huo rangi ilikuwa imekwisha kusambaa, na kwenye kioo cha simu ukimvuta mama akaribie anageuka miraba miraba.

Ndiyo maana mchoraji huyu yuko hapa asubuhi hii, na alikuwa hapa jana, mahali palepale, kwa saa ileile. Analichora hori upya kwa maji matamu. Mikoko anaipata. Matope anayapata. Akifika pale kati ya mikoko miwili, brashi inasita, anapaacha.

Swali la kwa nini asimtie kwa kumbukumbu tu ameulizwa na wengi, na halimkasirishi.

"Ile nalimwona, nikamtia," anasema. "Hii nitamtunga. Nikimtunga atakuwa mwanamke mwingine, na mimi nitakuwa nimemzoea huyo mwingine nikamsahau wangu."

Nana alijaribu kumsaidia. Ana miaka thelathini na mitatu, ni mshonaji Mlaleo, na watu husema amechukua umbo la mamake. Asubuhi moja alijifunga leso ya marehemu, akashuka matopeni, akainama kati ya mikoko na kumwambia babake achore. Stambuli akachora. Alipoinuka kwenye kigoda na kumwonyesha, wote wawili waliona kilichotokea. Alikuwa amemchora Nana, barabara kabisa, na namna yake ya kuinama kwa haraka kama mtu aliyeacha cherehani inamngoja.

"Sijawahi kuchorwa vizuri vile," anasema Nana. "Nililia kutwa."

Anayasema haya akimimina chai. Amefika na chupa yake kama afanyavyo kila akipata nafasi, na amemkuta babake na mgeni, jambo linalomfaa, maana leo ana shauri la kumaliza na anatafuta shahidi.

Shauri lenyewe ni la Ruth. Ruth alifanya kazi kiwandani Changamwe kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao Kitui. Zamani alinunua picha mbili za Stambuli na kuondoka nazo. Mwezi huu amekuja kumwangalia dada yake, akasikia habari za chumvi, akaja Junda kumpa pole mzee. Akashangaa. Picha zake, alisema, ziko vilevile kama siku alipozinunua.

Kitui ni kukavu. Chumvi imo ndani ya karatasi, lakini haina unyevu wa kuuita. Picha zilizohamia bara zimepona. Zinazokufa ni zile zilizobaki nyumbani.

Ruth akajitolea. Apewe ile picha, ataitundika sebuleni kwake, na wakitaka kuiona mlango uko wazi. Anasafiri Jumapili, na masika hayako mbali.

Kwa Nana hakuna la kufikiria. Yeye ana watoto wawili ambao hawamkumbuki bibi yao vizuri. Anataka siku moja awapeleke Kitui, awaonyeshe lile tone, awaambie huyu ndiye. Amemweleza babake hivyo kwa upole, kisha kwa machozi, na juzi kwa ukali ambao ameuombea radhi.

Stambuli hujibu neno moja kila mara, kwamba mamake Nana hajapata kulala nje ya Kisauni hata usiku mmoja. Ni kweli, lakini si jibu, na Nana anajua si jibu.

Nyumba yao iko hatua chache kutoka ukingoni, na chai ikiisha wanaingia ndani ili mgeni aione picha. Stambuli anaitoa kwenye debe kwa mikono miwili. Inauma kuitazama. Mbingu imeteremka. Lile tone la punje ya mchele limetanda kama doa la mchuzi kwenye shati, na mgongo ulioinama umekwisha kuungana na matope. Ni lazima uambiwe kwamba pale palikuwa na mtu. Ukiambiwa, bado unamwona, kwa tabu.

"Masika haya haitavuka, baba," anasema Nana. "Unaiona mwenyewe. Mama Ruth anangoja nimpigie. Kama humpi, nambie sababu, na isiwe ile ya kulala Kisauni."

Mzee anailaza picha magotini. Anapoanza kusema hamtazami bintiye, anaizungumzia karatasi.

Anasema siku Mwanasaumu alipofariki yeye alikwenda Utange, kulikuwa na mkwaju alioutaka. Simu aliiacha nyumbani, chini ya mto. Ilikuwa desturi yake kuiacha ili asisumbuliwe akichora. Mwanasaumu alianguka kando ya kisima asubuhi. Majirani walimwingiza ndani, wakamlaza kitandani, wakampigia simu mumewe, na simu ikalia palepale chumbani, chini ya kichwa chake. Wakapiga tena. Nana naye alikuwa akipiga kutoka Mlaleo. Majirani walimsimulia baadaye kwamba Mwanasaumu alikuwa na fahamu, na kila ikilia aligeuza macho kuelekea mlangoni.

"Nalirudi adhuhuri," anasema. "Picha ilikuwa imenitoka vyema. Wallahi, nalikuja njia nzima nikiimba."

Nana anajua kisa hiki, sehemu ya kupiga simu ni yake mwenyewe. Lakini katika miaka miwili hajapata kukisikia kinywani mwa babake, wala hakujua habari ya kuimba. Amejifunika uso kwa ukingo wa mtandio. Baadaye anainuka, anatoka uani na simu yake, na kutoka huko anasikika akimshukuru Ruth, akimtakia safari njema, akimwambia kwamba picha itabaki.

Anaporudi, analeta nyundo. Anauliza itundikwe wapi, kwenye debe haina faida tena.

Stambuli anaonyesha ukuta unaokikabili kitanda. Hataki fremu wala kioo. Nana anapigilia msumari, babake anaisimamia isiende upande, na wakimaliza wanaketi kitandani bega kwa bega kuitazama.

Kwa miaka thelathini Stambuli hakukosa kutoka wakati wa masika. Wenzake wote huweka brashi, yeye huvizia mvua ipungue, akakimbilia ukingoni na mwavuli, kwa sababu mwanga wa baada ya mvua haupatikani wakati mwingine wowote wa mwaka. Mwaka huu kigoda kitabaki ndani. Amekwisha kuwaambia wenye vibao vyao wamngoje mpaka Juni.

"Mvua ikianza, sitoki," anasema. "Nitakaa hapa mpaka amalize kwenda, inshallah. Ile mara ya kwanza sikuwepo."